Miduara minane isiyokuwemo katika fomula

SWALI: Kaka, mimi ni mwanafunzi, ninaishi Katindo hapa Goma. Nimeandika programu ndogo ya Python inayochora mawimbi. Picha ina pikseli (vinukta vya rangi) 800 kwa 800, na kila pikseli inapata rangi kutokana na sini (namba inayopanda na kushuka kama wimbi) ya 0.01 × (x² + y²), x na y zikihesabiwa kuanzia katikati. Nilitarajia mduara mmoja wenye pete nyingi, lakini nimepata tisa, na nimeipenda sana. Ili niichapishe, niliikuza hadi 2400 kwa 2400 na kugawanya ile 0.01 kwa 9 umbo lisibadilike. Ile minane ya pembeni ikapotea! Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote, ndugu yangu. Fomula yako ina mduara mmoja tu. Ile minane imeletwa na gridi ya pikseli.

Kompyuta hailioni wimbi zima. Inapima thamani yake kwenye pikseli hii, kisha kwenye inayofuata, na kinachotokea kati yake hakihesabiwi. Karibu na kitovu hilo halina madhara, kwa sababu pembe unayoipa sini hubadilika kidogo tu. Ila umetumia kipeo cha pili, kwa hiyo mabadiliko yanakua kadiri unavyokwenda mbali: kwa mlalo ni 0.02x radiani (kipimo cha pembe) kwa kila pikseli. Kwenye x = 157 yanafika 3.14, nusu ya mzunguko, na wimbi zima limebakiwa na pikseli mbili. Huo ndio mpaka. Ukiuvuka, pikseli zinaonyesha wimbi jingine, pana zaidi, ambalo hukuliandika.

Endelea hadi x = 314. Hapo pembe inaongezeka kwa radiani 6.28 kila pikseli, mzunguko kamili, na sini ikizungushwa mzunguko kamili inarudi palepale. Pikseli jirani zinapata rangi zinazokaribiana, sawa kabisa na hali ilivyo kwenye kitovu, na pete zinaanza upya. Pima picha yako: utavikuta vitovu hivyo pikseli 314 kushoto, kulia, juu, chini, na vinne vingine kuelekea kona za picha. Ukikunja chandarua mara mbili na kukitazama dhidi ya mwanga, utaona mistari mipana ambayo hakuna uzi uliofumwa hivyo. Chanzo ni kilekile, mpangilio mmoja kukutana na mwingine.

Ben Laposky wa Iowa, Marekani, aliyeanza mwaka 1950 kupiga picha za mawimbi ya umeme kwenye kioo cha osiloskopu, hakuwa na miduara ya namna hii. Mwale wa elektroni unateleza bila kuruka. Wewe una kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na mimi nakushauri ukitumie kwa makusudi.

Kwa nini ile minane ilipotea? Ulipogawanya kwa 9, mabadiliko kwenye ukingo, x = 1200, yakawa radiani 2.67 tu. Hayafiki 3.14, basi picha yako kubwa inaonyesha fomula kwa uaminifu.

Ukiitaka ile minane, hesabu picha kwa 800 kama mwanzo, kisha geuza kila pikseli kuwa mraba wa 3 kwa 3 wenye rangi ileile. Usiruhusu programu ya picha ilainishe wakati wa kukuza, maana italeta ukungu kwenye pete nyembamba. Kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 2400 zinatosha kama sentimita 20. Kwa bango kubwa ongeza mraba uwe 6 kwa 6 au zaidi. Na siku utakapotaka kuiondoa bila kukuza picha, pima sehemu 9 ndani ya kila pikseli na uchukue wastani. Pembeni patafifia kuwa kijivu.

Kuhusu rangi, tumia kosini tatu za thamani ileile, kila moja ikisogezwa theluthi ya mzunguko, kwa nyekundu, kijani na buluu. Buluu na kijani kali za kioo hufifia kwenye wino, kwa hiyo omba kipande cha majaribio kwanza.

Mwisho, hifadhi kama PNG, aina ya faili inayotunza kila pikseli ilivyo, na usimtumie mchapishaji kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Itapunguzwa ukubwa, pikseli zitapangwa upya, na miduara inaweza kuharibika au kuota mingine. Itume kama dokumenti, au mpelekee kwa flashi.