Usimkatishe mama dawa ya usingizi ghafla

Pole, ndugu yangu. Umesema mama, miaka 70, anameza diazepamu kila usiku, ya kununua tu duka la dawa hapo Mbagala. Sasa anayumba akienda msalani na anasahau alichoambiwa jioni. Unauliza kidonge kimoja kinaletaje yote hayo, na kama ukitupe leo.

Tafadhali usikitupe. Akikatishiwa ghafla baada ya kuitumia muda mrefu anaweza kutetemeka, hata kuanguka kifafa. Daktari ndiye atakayepunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki au miezi.

Ubongo una kemikali ya kutuliza iitwayo GABA. Diazepamu hujishika kwenye vipokezi vyake, yaani vimilango vya seli vinavyopokea ishara ya GABA, na kuvifanya viitikie zaidi: chembe za kloridi zenye chaji hasi zinaingia ndani ya seli ya neva, seli inatulia. Ila vipokezi havifanani. Vyenye kipande cha alfa-1 ndivyo hasa huleta usingizi na kusahau. Vya alfa-2 hupunguza hofu. Serebela, sehemu ya kisogoni inayoongoza mizani ya mwili, nayo inavyo, ndiyo maana anayumba. Kidonge hakichagui. Tena mwili wa mzee huitoa dawa hii polepole, kwa hiyo ya jana inakutana na ya leo.

Leo hii mwachie taa ikiwaka usiku na uondoe mkeka unaoteleza. Asichanganye na pombe wala tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, pumzi inaweza kukata. Wiki hii mpeleke hospitali na pakiti yenyewe mkononi. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Akiwa haamshiki, au anapumua kwa shida, chukueni hata bajaji usiku huohuo.