Mfumo unagoma asubuhi: usikimbilie kupandisha kikomo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza mfumo wa kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Una moduli tano: nafasi, malipo, wapagazi, stoo na ripoti, zote kwenye hifadhidata moja ya PostgreSQL. Asubuhi magari yanapojiandaa kwenda geti la Machame, hifadhidata inakataa, inasema wateja wamezidi. Nimeshauriwa nipandishe kikomo cha miunganisho kutoka 100 hadi 1000. Nipandishe?

Jibu: Marahaba. Usipandishe. Ushauri huo nakutana nao kila mara, Moshi na Arusha, na unaniudhi kwa sababu unaficha ugonjwa.

Bila shaka kila moduli imejifungulia akiba yake ya miunganisho, yaani njia za kuongea na hifadhidata zilizofunguliwa tayari, za kuazima na kurudisha. Zikiwa 20 kila moja, tano zinadai 100, wakati PostgreSQL hutenga 3 za msimamizi, unabaki na 97. Ukiwasha nakala ya pili ya programu, unadai 200.

Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake. Seva yenye kori 4 haiwezi kuhudumia 1000 kwa pamoja. Itahangaika kubadilishana zamu tu. Tena kama kuna moduli isiyorudisha inachoazima, hata hiyo 1000 itajaa.

Akiba iundwe mara moja programu inapowaka, halafu moduli zikabidhiwe. Moduli isijue nywila wala anwani ya hifadhidata: inaazima, inatumia, inarudisha, hata kosa likitokea. Anza na 10 kwa programu nzima, kisha pima.

Fungua pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL inayoonyesha kila muunganisho unafanya nini, saa hiyo hiyo ya asubuhi. Mahali fulani nilikuta mistari mingi imekaa kimya huku miamala yake (kazi zinazoandikwa zote kwa pamoja au zisiandikwe kabisa) iko wazi: moduli ya malipo ilifungua muamala, ndipo ikaanza kusubiri jibu la mtandao wa simu. Ongea na mtandao kwanza, muunganisho uazime baadaye.

Jihadharini na mafundi wa kuzima na kuwasha seva kila usiku, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wabaya zaidi ni wanaosikia neno "kushirikiana" wakazipa moduli zote muunganisho mmoja tu. Hapo stoo ikikosea na kubatilisha muamala wake, inafuta pia malipo ya mpagazi yaliyokuwa yanaandikwa dakika hiyo, na mtu aliyebeba mizigo siku sita anaambiwa jina lake halipo.