Ajiri mchoraji kabla ya kununua kreni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: karakana ndogo ya kuchomelea inahitaji nini hasa ili iwe kampuni ya miundo ya chuma? Wengi watajibu mtaji na mashine. Mtaji unahitajika, sibishi. Lakini zipo karakana zenye kreni juu na mashine ya kukatia kwa plazma ambazo hadi leo zinatengeneza mageti, tena kwa hasara. Mimi najibu: mchoro, yaani karatasi inayoonyesha kila kipande na vipimo vyake kabla chuma hakijakatwa.

Fundi wa mageti hupima uwazi, hurudi karakanani kuchomelea, kisha huenda kufunga mwenyewe. Pakibana, anasaga. Pakipwaya, anaongeza kipande. Kosa linamalizwa na mkono uleule uliolifanya, ndiyo maana halionekani popote kwenye hesabu. Ghala linalojengwa kwa chuma halikubali mchezo huo. Nguzo unazitengeneza wewe, zege lenye bolti za msingi wanamwaga wengine, na watakaonyanyua bimu hawajawahi hata kukuona. Bolti ya milimita 20 kwa kawaida hutobolewa tundu la 22. Nafasi ya kukosea ni hiyo tu, na bado hatujahesabu kwamba chuma hucheza.

Maana kinacheza kweli. Chomelea upande mmoja wa bimu ndefu moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho. Ikipoa utaikuta imejipinda kama upinde. Fundi hodari analijua hilo mkononi mwake: anashikiza kwa nukta, anapiga kipande kifupi hapa, anahamia ng'ambo, anakiacha kipumue. Akiugua, ujuzi wote umelala naye nyumbani. Hapo ndipo mambo yanapotakiwa kushuka kwenye karatasi: fimbo gani ya kuchomelea, ampea ngapi za umeme, mkao upi, nani aanzie wapi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9606 humpima fundi, na cheti chake kinataka uthibitisho kila baada ya miezi 6 kwamba bado anaifanya kazi hiyo. ISO 3834 huangalia karakana yenyewe inavyosimamia uchomeleaji. Watu huviita urasimu. Mwenye ghala atakayeegesha malori chini ya bimu zako hataviita hivyo.

Chukua fimbo za E7018, zinazotumika sana kwenye kazi nzito. Karakana ndogo huacha pakiti wazi mezani usiku kucha. Ganda la fimbo linanyonya unyevu, unyevu unaingiza hidrojeni kwenye mshono, na ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, wakati rangi imeshapakwa na kila mtu ameridhika. Wanaojua huziweka kwenye oveni yenye joto la nyuzi 120 hivi na kutoa chache chache. Oveni yenyewe si ghali hata kidogo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimamia.

Hata bei inatoka kwenye mchoro. Miundo huuzwa kwa tani, na tani huhesabiwa kabla chuma hakijanunuliwa: plati ya milimita 10 ina kilo 78.5 kwa kila mita ya mraba. Ukijua urefu wa kila kipande, unapanga ukataji. Kwenye chuma cha mita 12, vipande vitatu vya mita 3.5 vinabakiza mita moja na nusu. Kama orodha yako ina vipande vya kuunganishia vya mita 1.4, baki hilo limepata kazi. Asiye na orodha hulitupa kwenye rundo nyuma ya karakana, kisha ananunua chuma kingine. (Ukitaka kujua karakana inaendeshwaje, anza na hilo rundo.)

Kuna usalama pia. Mabomba yanayokwenda kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450, ili yasishike kutu, lazima yawe na matundu ya kutolea hewa, la sivyo maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na bomba hulipuka. Tundu hilo huanzia kwenye mchoro. Ukilikumbuka lori likiwa limeshafika kiwandani, umechelewa.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kuajiri mtu mmoja tu amtafute mchoraji aliyewahi kushika fimbo. Kazi yake ya kwanza iwe kuchora muundo ambao karakana tayari imeshaufunga, kwa vipimo vilivyo kwenye chuma chenyewe, kisha auweke mchoro huo kando ya makadirio waliyompa mteja, ionekane fedha ilipotelea wapi.