Maswali Yenu: Jamaa mwenye upinde anafanya nini kwenye bustani ya watoto?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinamhusu mnyama mmoja, kulungu wa Marekani, sijui mmepanga, haya tuanze.

Mama wa watoto watatu, Pittsburgh, Marekani: Habari za kazi. Sisi tulitoka Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa tuko huku mwaka wa pili. Jumamosi huwa napeleka watoto kutembea Frick Park. Juzi nikaona kibao kinasema kuna uwindaji wa kulungu kwa mishale, mara natazama naona mwanaume amevaa madoadoa kama mwanajeshi anatoka msituni na upinde. Tulikimbia mpaka kituo cha basi, hata kiatu cha mdogo kilibaki. Hii kweli ni sawa? Na wale wanyama wana kosa gani, si wapole tu wanakula maua?

Pole sana mama, na pole ya kiatu. Kwa mtu aliyekimbia vita, kumuona mtu wa madoadoa anatoka porini si jambo dogo, tena nadhani jiji lingetakiwa kubandika vile vibao na kwa Kiswahili maana mko wengi huko, nyie na Wabantu wa Somalia.

Sasa yule jamaa hakuwa jangili wala kichaa. Ule mpango wa kuwapunguza kulungu ni wa jiji lenyewe, ulianza 2023 kama majaribio kwenye bustani mbili, Frick na Riverview, wakachagua wapiga mishale 30 kwa droo, na mwaka uliofuata bustani zikaongezwa. Hauingii tu na upinde wako, lazima upite mtihani wa shabaha kwanza na wakague kumbukumbu zako za polisi, halafu unapangiwa eneo lako ndani ya bustani na hutoki hapo. Msimu wenyewe unaanza Septemba unaishia Januari, na bustani haifungwi, watu wanaendelea kutembea, ndiyo maana ukakutana naye.

Usalama upo hivi. Mwindaji wa namna hii hatembei akirusha rusha, anapanda mtini, anafunga kiti chake mita tano hivi juu ya ardhi, mi nakiita dungu maana ni dungu lilelile la shamba la mpunga ila hili halifukuzi ndege. Anakaa kimya masaa matatu, manne, baridi inamla, mpaka kulungu apite karibu kabisa, mita 20 au 25. Na kwa kuwa yuko juu mshale unaelekea chini, ukikosa unachoma udongo, hauwezi kusafiri kama risasi ambayo inavuka mtaa mzima. Sheria ya Pennsylvania inataka mwenye upinde awe mbali na nyumba ya watu yadi 50, yaani mita 46 hivi, wakati mwenye bunduki anatakiwa yadi 150, hapo unaona wenyewe wanavyozipima hizi silaha mbili. Wewe kaa kwenye njia, usikate kona vichakani, asubuhi mapema na jioni ndo wanawinda zaidi, mbwa kama mnaye awe na kamba. Basi.

Hilo la kosa lao ndo nataka tukae nalo kidogo, maana umesema wanakula maua TU. Mama yangu hiyo "tu" ndiyo kesi yote. Kulungu hawa wa mkia mweupe hawali maua peke yake, wanakula mche wa mwaloni ukiwa na majani manne, wanakula kila kinachoota chini ya kimo cha midomo yao, na wakiwa wengi msitu unabaki na wazee tu, miti mikubwa juu na chini kweupe, hamna watoto wa miti. Siku ukienda tena Frick angalia chini. Utaona majani wasiyoyapenda, zile kangaga za msituni na magugu ya kigeni, ndo yametawala. Mti mkubwa ukianguka kwa upepo hakuna mwingine wa kushika nafasi yake, na ndege wanaojenga viota kwenye vichaka vya chini nao wanahama. Kwa hiyo msitu unaonekana mzima kumbe ni kama kijiji ambacho hakijazaliwa mtoto miaka 30.

Na wamejaaje hivyo? Hapa pana kichekesho. Miaka ya 1900 mwanzoni kulungu walikuwa karibu waishe kabisa Pennsylvania, watu walikuwa wamewinda mpaka basi, ikabidi 1906 waanze kuagiza wengine kutoka Michigan, na 1907 ikapitishwa sheria ya kulinda majike. Mbwa mwitu wakubwa na chui wa milimani, ambao ndio walikuwa wanawapunguza, walishamalizwa zamani. Halafu watu wakajenga miji yenye bustani, maua ya kumwagilia, hakuna simba hakuna bunduki, chakula bure. Jike aliyeshiba anazaa mapacha kila mwaka, mimba siku 200 tu. Piga hesabu mwenyewe.

Ndo maana kwenye mipango hii kinachotafutwa ni jike. Dume lenye mapembe linapendeza kwenye picha lakini kuliua halipunguzi kitu, wafugaji wa mbuzi mnajua, beberu mmoja anatosha zizi zima. Pittsburgh walitaka kulungu wa kwanza wa kila mwindaji awe jike na nyama yake iende kwenye chakula cha msaada. Msimu ule wa kwanza wale wapiga mishale walipata kulungu 108. Ni wengi kwa watu 30, ila usidhani kazi imeisha, ukiacha mwaka mmoja wanarudi palepale, hii ni kama kupalilia.

Jambo moja sitakuficha maana wengine wanalipitia harakaharaka. Mshale hauangushi mnyama papo hapo. Ukiingia vizuri kwenye mapafu anakimbia mita 50, 100 hivi, anaanguka baada ya sekunde chache. Ukiingia vibaya anaweza kwenda nao mbali, na kwa msitu wa mjini anaweza kufia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu mbele ya watoto. Inatokea. Wapinzani wa uwindaji huu wanalishika sana hilo na mi siwezi kuwaambia wanadanganya, ndo sababu ya ule mtihani wa shabaha na ya kukataza kurusha kwa mbali. Mi mwenyewe nikipima naona bado ni afadhali kuliko kulungu kufa njaa Februari au kugongwa na lori, ila aliyeona mnyama anakimbia na mshale ubavuni akakataa mpango wote, simcheki.

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: Wazungu wana hela zote zile, kwa nini wasiwakamate wakawahamishie porini au wawape uzazi wa mpango? Kuua ni uvivu.

Uvivu hapana bwana, kukaa juu ya mti kwenye baridi ile wewe ungeshuka dakika ya kumi. Kuhamisha wameshajaribu sehemu nyingi. Kulungu akikamatwa anapata hofu mpaka misuli inaharibika, anakufa siku kadhaa baadaye hata kama hujamgusa na kitu, na wengi wanaopona wanakufa huko wanakopelekwa maana hawajui maji yako wapi wala njia za magari. Halafu kuna ugonjwa wa kukonda wa kulungu, unaharibu ubongo, hauna dawa wala chanjo, Pennsylvania waliuona mara ya kwanza 2012, kwa hiyo siku hizi kubeba kulungu hai kutoka hapa kupeleka pale ni kubeba na ugonjwa, na msitu unaowapelekea kwanza nao umeshajaa.

Uzazi wa mpango upo, sindano za majike zipo, na New York walienda mbali zaidi, 2016 walianza kuwafunga uzazi madume wa Staten Island kwa upasuaji, mmoja mmoja, kwa mamilioni ya dola. Kisiwani inaweza kuleta matokeo maana wageni hawaingii kirahisi. Cincinnati nao kuna mtaa wamewafunga majike kuanzia 2015. Ila kwa bustani ambayo haina ukuta, umemfunga huyu kesho anaingia mwenzake kutoka mtaa wa pili, na yule uliyemfunga bado yupo hai anakula miche miaka kumi mingine. Mpiga mishale analipia leseni yake, anakuja na upinde wake. Hesabu ya jiji ndo hiyo, hata kama haipendezi.

Muulizaji asiyetaka jina, Pittsburgh: Assalamu alaykum. Kuna jirani mzungu anawinda kwa upinde ananiletea nyama ya kulungu, mke wangu anasema haifai maana hakuchinjwa. Kulungu mwenyewe ni halali?

Waalaykum salaam. Kulungu ni mnyama halali, hana shaka, ni mla majani. Suala ni namna alivyokufa. Kwenye uwindaji kuna hadithi mashuhuri ya Adiy bin Hatim, Mtume alimwambia ukirusha na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, silaha ikichoma kwa makali yake kula, ikipiga kwa ubavu ikamuua usile. Mshale unachoma. Kwa hiyo ungekuwa wewe Muislamu umepiga bismillahi ukaachia upote, na mnyama akafa kwa mshale ule, nyama ni yako, na ukimkuta bado hai umuwahi kwa kisu. Ukimkuta amezama kwenye maji hapana, maana huwezi kujua kilichomuua ni kipi, na hawa kulungu wakichomwa wanapenda kukimbilia mtoni.

Ya jirani yako hapo mi naishia, maana inategemea yeye ni wa dini gani, alisema nini wakati anarusha, na wewe unafuata kauli ya nani, sheikh wa msikiti wenu anakujua kuliko mimi. Msigombane kwa ajili ya nyama lakini.

Upande wa afya: muulize jirani kama huyo mnyama amepimwa ule ugonjwa wa kukonda. Haujaonekana kumpata binadamu ila wataalamu wa afya wa Marekani wanasema aliyekutwa nao asiliwe, na mi nakubaliana nao. Faida moja ya mshale ni kwamba hauachi vipande vya risasi kwenye nyama. Nyama yenyewe haina mafuta kabisa, ukiikaanga kama ya ng'ombe inakuwa soli ya kiatu, ichemshe taratibu na tangawizi na nyanya, masaa mawili, kama ya mbuzi mzee. Na usije ukauza hata kilo moja, huko kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa la jinai, kugawa unaruhusiwa.

Msomaji wa Voi, Kenya: Babu yangu Mwaata alikamatwa kwa sababu ya upinde. Leo nasikia Marekani watu wanapewa kibali wakawinde katikati ya jiji. Eleza hiyo.

Hili swali nimelisoma mara tatu. Waata, wawindaji wa huko Tsavo tangu zamani, walikuwa mafundi wa upinde, uta mrefu mgumu ambao mtu mwingine hauvuti hata nusu, na sumu ya mti wa msungu ilimwangusha ndovu. Tsavo ikawa hifadhi 1948, mwindaji akageuka jangili bila kuhama nyumbani kwake, na 1977 Kenya ikafunga uwindaji wote. Hao wa Pittsburgh hawatumii sumu, pinde zao nyingi zina vigurudumu pembeni vinavyosaidia kuvuta, wengine wanatumia ule wa mtambo wenye kifyatulio.

Tofauti ya wanyama ipo na ni kubwa, ndovu anabeba mimba miezi 22 na anazaa mmoja, huwezi kumuwinda kwa hesabu ya kulungu wa mapacha. Ila hiyo haimalizi swali lako najua. Pittsburgh jiji liliamua kuwapa watu wa kawaida kazi ile, kwa kibali. Babu yako hakuna aliyemuuliza kitu, na alikuwa anaujua msitu ule kuliko waliomfunga. Upande wa Tanzania Wahadzabe wa Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde wao mpaka leo, kwa hiyo si kwamba haiwezekani.

Dereva, Columbus, Ohio: Kiswahili cha huyu mnyama ni nini hasa, swala, paa, au kulungu? Na nikimgonga?

Kulungu wa kwetu ni mwingine, ana pembe za kudumu, huyu wa kwao dume anaangusha mapembe kila majira ya baridi anaota mapya. Biblia inamwita ayala, ile Zaburi ya 42, lakini ukisema ayala sokoni watadhani ni jina la mtoto. Sema kulungu tutakuelewa.

Kumgonga: Oktoba na Novemba ndo hatari, wanatafutana majike na madume, wanavuka bila kuangalia. Akitokea mbele shika breki usikwepe, wapo wanaokufa kwa kukwepa wakavaa mti. Akivuka mmoja subiri, nyuma yake kuna wa pili. Ukishamgonga usimsogelee kama bado anapiga mateke, washa taa za hatari, piga polisi. Kwa wa Pennsylvania nyama mnaruhusiwa kuichukua ila ndani ya masaa 24 uwe umewapigia watu wa wanyamapori wakupe kibali, na yule wa swali la tatu usijisumbue, hicho ni kibudu.