Kabla ya siku ya kukutana, mwandikie yule wa dawati moja

*Shangazi, shikamoo. Mwaka huu tunatimiza miaka 20 tangu tumalize kidato cha nne, na wenzetu wameandaa siku ya kukutana. Kundi la WhatsApp halilali, kila mtu anaweka picha na kutaja cheo. Mimi shuleni nilikuwa kiranja, nashika namba za juu, na wote walijua nitakuwa daktari. Sikuwa. Nimeachika, nimenenepa, kazi yangu ni ya kawaida. Labda hata hawatanitambua. Pia kuna rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Tukiwa kidato cha tatu alisingiziwa kuiba pesa bwenini, jioni ambayo mimi na yeye tulikuwa tumejificha maktaba. Nilinyamaza nisije nikavuliwa ukiranja. Alisimamishwa wiki mbili, akarudi, hatukuongea tena. Juzi ameandika kundini kwamba atakuja. Nithibitishe kwa mweka hazina au nitafute udhuru?*
*Kiranja wa zamani*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza umenieleza kazi, ndoa na unene. Rafiki yako amekuja mwishoni, na ukamtanguliza kwa neno "pia". Naamini huyo ndiye aliyekufanya ushike kalamu.

La kutambuliwa tulimalize. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 392 waliomaliza sekondari kwa nyakati mbalimbali. Waliwaonyesha picha za shule za wenzao, zikiwa zimechanganywa na za watu wasiowajua. Hata waliokuwa wamemaliza zaidi ya miaka 30 nyuma walizitambua takribani tisa kati ya kila kumi. Kilichowashinda ni kuyataja majina bila kuonyeshwa chochote. Picha zile zilikuwa za ujanani, ni kweli, na wewe umebadilika. Lakini sura yako ya kiranja bado imo vichwani mwao, na ukitabasamu tu itaibuka. Wakikuuliza mambo ya kazi na ndoa, jibu kwa sentensi moja ya kweli, kisha uliza nao habari zao. Hapo sina wasiwasi nawe.

Wasiwasi wangu ni kwamba sura ya rafiki yako nayo imo katika vichwa hivyohivyo, pamoja na kile walichoambiwa juu yake. Wewe umekaa miaka yote hii ukijua hakuiba. Wengine hawajui. Atakapoingia ukumbini kutakuwa na mtu atakayejisemea moyoni, "Huyu si yule wa zile pesa?" Yeye analijua hilo, na bado amesema atakuja. Ujasiri huo umenigusa kuliko vyeo vyote vinavyotajwa kundini.

Kwa hiyo usimsubiri siku hiyo umvute pembeni umlilie. Nakuomba sana. Mimi yalinikuta. Mwenzangu mmoja, baada ya miaka mingi, aliniomba msamaha mbele ya watu huku machozi yakimtoka. Watu walipiga makofi. Nilimkumbatia, ningefanya nini na macho yote yako kwangu? Yeye aliondoka mwepesi, mimi nikarudi nyumbani na hasira mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama niko tayari.

Mwandikie kabla, wewe na yeye tu. Anza na jambo lenyewe: "Jioni ile pesa zilipopotea tulikuwa wote maktaba. Nilijua hukuiba. Nilinyamaza kulinda ukiranja wangu, ukaadhibiwa kwa kosa lisilo lako. Nilikukosea." Usiandike "kama nilikuumiza", maana unajua ulimuumiza. Usimwambie mlikuwa watoto. Hilo akitaka atalisema mwenyewe, na yeye pekee ndiye mwenye haki ya kulisema. Mambo ya talaka yako yasiingie humo, wala ndoto ya udaktari. Asije akajikuta anakuonea huruma kabla hajamaliza kukukasirikia.

Kisha ongeza jambo ambalo machozi hayawezi kumpa. Katika wanafunzi wote wewe ndiye shahidi wake, na ushahidi huo ungali kwako. Mwambie uko tayari kuwaeleza wenzenu ukweli ukitaja jina lako, kama anataka, kwa namna anayotaka na wakati anaoutaka yeye. Huenda akasema, "Waambie." Basi waambie wazi, kwa maneno machache, bila kujipamba. Huenda akasema hataki habari hiyo ifufuliwe tena mbele ya mtu yeyote, na hapo utaufunga mdomo wako. Safari hii utanyamaza kwa kuwa amekuomba yeye. Usiamue kwa niaba yake hata kama unaona unamtendea wema. Uliwahi kuamua kwa niaba yake siku uliponyamaza.

Mwisho wa ujumbe mwambie hana deni la kukujibu. Uwe unamaanisha hivyo. Akikaa kimya wiki nzima, usimtumie alama ya kuuliza, usimtume mtu wa tatu akachungulie hali yake. Anaweza kukujibu kwa ukali. Anaweza kusema yeye alishasahau, na usijue kama ni kweli. Na anaweza, mwanangu, kukuambia alikuwa akiusubiri ujumbe huo tangu siku aliporudi akakuta umehama dawati. (Hukuniambia nani alihama. Nimehisi ni wewe, na kama nimekosea nisamehe.)

Siku ya kukutana msalimie kama unavyowasalimia wengine. Akikaa nawe, kaa. Akikaa mbali, usimfuate kwa macho ukumbi mzima. Na mtu yeyote akianza kuichekesha meza kwa habari za bwenini na zile pesa, usisubiri ruhusa ya kumkatiza. Sema, "Hapana, hilo halikuwa kweli," na ubadili mazungumzo. Zaidi ya hapo mwachie mwenyewe.

Umeniuliza kuhusu kuthibitisha kwa mweka hazina. Mwandikie kwanza rafiki yako, umpe siku chache. Ikitokea amekuambia hawezi kukaa chumba kimoja nawe, mwachie siku hiyo, wewe baki nyumbani. Asiposema hivyo, thibitisha uende.