Chesi ya mtandaoni: mchezo mmoja wa taratibu, kisha urudi kuutazama

Ukifungua akaunti leo kwenye tovuti za chesi za Lichess au Chess.com, utapata mpinzani ndani ya sekunde chache, hata saa nane usiku. Urahisi huo ndio unaowaangusha wageni wengi. Mtu anacheza michezo 20 ya dakika tatu tatu kwa jioni moja, anapoteza 12, analala. Kesho anarudia makosa yaleyale, maana hakuna hata mchezo mmoja aliorudi kuutazama.

Anza na 15+10, yaani dakika 15 kwa kila mchezaji na sekunde 10 zinazoongezwa kila unaposogeza kete. Mchezo wa hatua 40 utamalizika ndani ya dakika 45 hivi. Muda ukiwa finyu, chukua 10+5. Zile sekunde za nyongeza usizidharau. Bila hizo unaweza kufika mwisho ukiwa umemzidi mwenzio malkia mzima, halafu saa ikakumaliza. Mtandao ukikatika, saa yako inaendelea kukimbia. Kama bando linasuasua, cheza ule mchezo wa siku, ambao kila hatua inapewa siku moja au zaidi.

Wiki ya kwanza lazima utakutana na shambulio hili. (Herufi ni safu ya wima, a hadi h, na namba ni mstari wa ubao, 1 hadi 8 kuanzia upande wa Mweupe.) Mweupe anapeleka askari e4, nawe uliye Mweusi e5. Anatoa askofu mpaka c4, unatoa farasi c6. Anamleta malkia h5. Hapo malkia na askofu wote wawili wanaitazama f7, ambako mlinzi ni mfalme wako peke yake. Mgeni anachoona ni malkia tu, kwa hiyo anatoa farasi wa pili f6 ili amfukuze. Malkia anakula f7, chekimeti, yaani mfalme ameshambuliwa na hana pa kutokea, hatua ya nne tu. Jibu zuri ni askari g6. Malkia akirudi f3 kuilenga f7 tena, sasa farasi f6 ni sawa kabisa, kwa kuwa anaziba njia.

Lakini usiikariri g6 kama dawa. Malkia akija h5 kwenye hatua ya pili, kabla farasi wako hajakaa c6, g6 hiyohiyo inakuua: malkia anakula e5, anampa mfalme cheki (anamshambulia), na kwa wakati uleule anaitazama ngome yako ya h8 moja kwa moja, kwa sababu askari aliyekuwa g7 umeshamwondoa. Ngome imekwenda. Kilichobadilika ni kimoja tu: e5 haikuwa na mlinzi. Kwa hiyo kila hatua ya mpinzani iulize, imeacha nini wazi na inataka kula nini, kabla hujagusa kete yako.

Waliozoea drafti wana shida yao. Kule kula ni lazima, na mkono unakuja na tabia hiyo. Kwenye chesi huna wajibu wa kula. Kabla ya kula, hesabu walinzi wa kete hiyo na washambuliaji wako, kisha tazama thamani: askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Kubadilisha ngome kwa farasi kwa sababu tu amekaa mahali pa kulika ni hasara.

Mchezo ukiisha, hasa ulioupoteza, usibonyeze kitufe cha mchezo mpya. Upitie mwenyewe kwanza bila kompyuta, utafute pale ulipoanza kuzidiwa, uandike sentensi moja: “Hatua ya 17 niliacha askofu bila mlinzi.” Baada ya hapo ndipo uwashe uchambuzi, Lichess wanautoa bure, kwa Stockfish, injini yaani programu ya kompyuta inayochambua hatua. Ukianza na injini, itakuonyesha hatua bora nawe utaitikia kichwa bila kujifunza kwa nini hukuiona. Ziangalie zile hatua mbili tatu zilizowekewa alama ??, yaani makosa makubwa, nyingine ziache. Injini iwashwe mchezo ukiwa umekwisha tu. Kuitumia mchezo ukiendelea ni udanganyifu, na akaunti hufungwa.

Mafumbo, yale ya kutafuta hatua bora kwenye ubao uliopangwa tayari, yafanye dakika 15 kila siku, pasipo haraka. Usisogeze mpaka umeona jibu la mpinzani pia. Kubahatisha hakukufundishi kitu, hata ukipatia.

Jizoeze pia kumalizia kwa mfalme na malkia dhidi ya mfalme peke yake, kwa sababu wengi hutoa sare wakiwa wameshashinda. Mfalme mweusi akiwa h8 bila kete nyingine, ukaweka malkia g6 au f7, hana cheki wala pa kwenda. Hiyo ni sare. Mbane kwa malkia mpaka ukingoni, halafu umsogeze mfalme wako aje kusaidia.

Kuhusu reitingi, yaani namba ya kiwango chako, Lichess humwanzisha mgeni kwenye 1500, na michezo ya mwanzo huirusha juu na chini sana. Usiilinganishe na ya Chess.com, vipimo ni tofauti. Ukikaa miezi bila kucheza, mfumo wa Lichess huanza kuwa na shaka na kiwango chako, hivyo matokeo ya kwanza yatakupandisha au kukushusha kwa kishindo. Ukirudi, fanya mafumbo siku tatu nne kwanza. Na siku yoyote ukipoteza mara mbili mfululizo, funga programu. Mchezo wa tatu huwa ni wa hasira.