Kuhoji kifo cha Luwum ni kujitetea sisi wenyewe

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama raia aendelee kuhoji taarifa za serikali kuhusu viongozi waliouawa zamani, au tukubali kwamba yaliyopita si ndwele. Mimi ni Mnubi wa Bombo, hapa Uganda, wa jamii iliyohusishwa na utawala wa Rais Idi Amin. Jibu langu ni kwamba tuhoji, na sisi watu wa Bombo tuwe wa kwanza.

Najua baadhi ya wazee wangu hawatapenda. Ukikaa barazani kwetu jioni, kahawa ikizunguka, likitajwa jina la Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana aliyeuawa enzi za Amin, hakosi mtu wa kusema ile ilikuwa ajali kweli, redio si ilitangaza? Mwingine atasema Amin hakuwa na habari, waliomharibia ni watu wa chini yake. Wazee hawa nawaheshimu, lakini kwa hili siwezi kunyamaza.

Tarehe 16 Februari 1977 viongozi wa dini, mabalozi na wanajeshi waliitwa hoteli ya Nile Mansions, Kampala. Silaha zilipangwa hadharani, ikasomwa hati kwamba askofu anashirikiana na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuipindua serikali. Wanajeshi wakapiga kelele auawe. Yeye akatikisa kichwa kukana. Baadaye maaskofu wenzake wakaambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake Redio Uganda ikatangaza kwamba askofu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari walipojaribu kumzidi nguvu dereva ili watoroke. Dereva, kwa maelezo hayohayo, alisalimika.

Haya, tuseme tunaamini. Mtu akifa kwa ajali, familia huitwa kumtambua, daktari akampima, maiti ikakabidhiwa wenyewe wakazike. Ofumbi alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Oryema aliwahi kuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima. Hata watu wa vyeo hivyo hawakufanyiwa uchunguzi wa wazi. Waumini walikuwa wamechimba kaburi Namirembe, kwenye kanisa kuu, lakini hawakupewa mwili. Wanajeshi waliusafirisha hadi Mucwini, huko Kitgum kwao askofu, uzikwe huko mbali na macho ya Kampala. Kijijini jeneza likafunguliwa, watu wakaona matundu ya risasi. Jumapili iliyofuata maelfu walipanda Namirembe ingawa ibada ilikuwa imekatazwa, wakasimama wakiimba kando ya kaburi lisilo na mtu. Serikali yenye ajali ya kweli ingeogopa nini mwili kuonekana?

Tena haikuwa mara ya kwanza. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mchana kweupe katika Mahakama Kuu, serikali ikasema si watu wake. Julai 1976 Bi Dora Bloch, mateka wa miaka 74 kutoka ndege iliyotekwa na kuletwa Entebbe, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa Entebbe kuwaokoa mateka. Serikali ilishikilia kwamba alikuwa amerudishwa kiwanjani kabla ya uvamizi, na huku afisa wa ubalozi wa Uingereza alikuwa amemwona hospitalini baada yake. Amin mwenyewe aliunda tume mwaka 1974 chini ya Jaji Mohamed Saied kuchunguza watu waliopotea. Tume hiyo ilisikiliza mashahidi 545, ikaandika visa 308, ikavitaja vyombo vya usalama vya Amin mwenyewe. Ripoti ikafungiwa. Kwa hiyo anayesema Amin hakujua ajue kwamba Amin aliandikiwa.

Sasa nisikilizeni wenzangu wa Bombo, na wa Arua, mji wa West Nile kaskazini-magharibi, pia. Ule uongo wa ajali ulimficha nani? Uliwaficha waliotoa amri na waliopiga risasi. Majina yao hayakusemwa, na lawama ikabaki inaelea ikitafuta wa kumwangukia. Amin alipoangushwa Aprili 1979 ikatuangukia sisi. Wanubi, Waislamu, watu wa West Nile ambao hawakuwahi kushika bunduki walifukuzwa, wakaporwa, wakauawa. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, na kuna watoto waliozaliwa kambini huko kwa sababu ya makosa ya watu wachache ambao serikali yao ilikataa kuwataja. Amin alifia Jeddah mwaka 2003 bila kusimama kizimbani.

Ndiyo maana inaniuma kuona mjukuu anatetea ile taarifa ya redio akidhani anaitetea kabila yake. Muuaji ana jina lake na mama yake. Tukiendelea kukana, tunakubali kulibeba jina lake.

Tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Huwa ni sala na hotuba, nami sizipingi. Lakini ningependa pia Oryema na Ofumbi watajwe kila mwaka pamoja na askofu, na ripoti ya Saied iwekwe pale ambapo mwalimu wa sekondari anaweza kuisoma na wanafunzi wake. Na wapo bado wazee waliovaa sare mwaka 1977, madereva, makarani, walinzi wa malango. Wanapungua. Jarida lenu likitaka kuwasikiliza, nitawauliza nani yuko tayari, na aliye tayari nitawapeleka kwake.

Msomaji, Bombo